Mwanangu Aliyeniita Dada

Kaa hapa unisikilize, hasa kama una watoto wadogo na safari ya mbali iko mbele yako. Wengi wanaoniuliza habari ya kuhama na watoto hutaka kujua kuhusu mizigo, ndege na nguo za baridi. Nitafika huko, usiwe na wasiwasi. Lakini kwetu sisi mizigo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa binti yangu mkubwa, ambaye nusura abaki.

Tuanze na nyumba, maana bila nyumba hutaelewa lolote. Tulikaa Kismayu, si mbali na bandari, katika ua mmoja wenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza kilikuwa changu mimi, mume wangu kabla hajasafiri, na watoto wadogo wawili: mvulana wa miaka mitano na mdogo wake wa kike wa miaka mitatu. Chumba cha pili kilikuwa cha mama yangu na binti yangu mkubwa, wa miaka minane. Jiko lilikuwa moja, nje, chini ya bati. Mtungi wa maji mmoja. Tulikula sinia moja sote.

Sisi ni Wabajuni, na asili yetu ni kisiwa cha Chovai. Katika ukoo wetu, mtoto wa kwanza huwa wa bibi. Watu wa nje wakisikia hivyo hufikiri mtoto amegawiwa kama kuku. Sivyo. Mama yangu hueleza kwamba mwanamke aliyezaa mara ya kwanza bado anajifunza, na si haki kumjifunzia mtoto wa watu. Kwa hiyo mtoto huyo akishaacha kunyonya huhamia kwenye mkeka wa bibi. Bibi humwogesha, humsuka, humfundisha kutawadha, na mtoto humwita Mama. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na bibi yangu, mpaka vita vya mwaka tisini na moja vilipotutoa visiwani na kututupa Mombasa.

Na mimi binti yangu aliniita nani? Aliniita Dada. Wadogo zangu waliniita dada, majirani zangu Wasomali waliniita abaayo, ambayo kwao ni dada vilevile. Naye akachukua hilo hilo. Sikuona ajabu. Wala yeye.

Mume wangu ndiye aliyetangulia kwenda Ulaya. Alikuwa baharia, na safari yake ilikuwa ndefu kuliko ninavyoweza kuisimulia leo. Alipopata ruhusa ya kukaa huko, alituombea sisi tumfuate. Mdogo wetu wa mwisho wakati huo alimjua baba yake kwa sauti ya simu tu, simu ikiita alikuwa akisema, "Baba analia."

Majibu yalipokuja, mume wangu alipiga mchana, wakati si wake wa kupiga. Nilikuwa napara samaki. Nikaweka simu begani.

"Mmekubaliwa," akasema. "Wewe na wadogo wawili."

"Na mkubwa?"

"Mkubwa wana shaka naye. Wanasema hakuwa mtu wa nyumba yetu."

"Hakuwa mtu wa nyumba yetu! Kwani uliwaambia nini?"

"Niliwaambia kweli. Siku ile ya kwanza waliuliza watoto wanakaa na nani. Nikasema wadogo wako kwa mama yao, mkubwa ni wa bibi yake."

"Wa bibi yake!"

"Kwani si wa bibi yake?"

Nikamweka samaki chini. Ni wa bibi yake. Mbajuni yeyote angesikia maneno yale angeitikia kwa kichwa na kuuliza jingine. Lakini mwandishi wa kule hakuwa Mbajuni. Alisikia kwamba mtoto yuko kwenye nyumba nyingine, na mtu mwingine, na akaandika alivyosikia. Sasa tulitakiwa twende Nairobi sote, tuhojiwe, na binti yangu ahojiwe peke yake. Ikionekana kwamba yeye ni wa nyumba nyingine, tutaondoka sisi, yeye abaki.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kibao karibu nami, anachagua mchele. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu mume wangu huzungumza kwenye simu kana kwamba anaita mtu aliye ng'ambo ya pili ya bandari.

"Basi," akasema mama, "kuanzia leo asiniite Mama."

"Akuite nani?"

"Bibi. Kama watoto wa watu wengine. Mama ni wewe."

Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye mchele na kuendelea na kazi yake.

Ndivyo maandalizi yalivyoanza. Na kwa kuwa nilikuahidi, ngoja nikueleze yale mengine kwanza, maana yalikwenda pamoja.

Nilinunua makoti ya mitumba sokoni, makubwa kidogo kuliko watoto, kwa sababu watoto hawasubiri safari ndipo wakue. Nikawavisha nyumbani, kidogo kidogo, wayazoee. Mvulana wangu hakuwa amewahi kuvaa soksi. Alizivaa akatembea akishika ukuta kama mtu aliyelewa, akaniambia miguu yake imefungwa macho. Jirani yetu muuza maziwa alichungulia mlangoni akamkuta kavaa koti na kofia ya sufu kwenye jua la Kismayu.

"Abaayo," akaniambia, "huyu atafika kule akiwa mchuzi."

Nikamwambia anisaidie basi badala ya kunicheka, naye akasaidia kweli. Alikuwa amewahi kupanda ndege. Tuliweka viti vitatu mfululizo uani, tukawafunga watoto viunoni kwa leso, yeye akawa mhudumu, anapita na birika. "Hakuna kusimama! Hakuna kukojoa! Maziwa au chai?" Watoto waliomba mchezo huo kila siku. Fanya hivyo, unafaa. Mtoto akishacheza jambo, likimjia kweli halimtishi sana.

Lakini mchezo wa binti yangu mkubwa haukuwa mchezo. Kila akitoka chuoni, akishaweka ubao wake wa Kurani pembeni, nilimkalisha mbele yangu.

"Mama yako nani?"

Alitazama chumba cha pili. Kisha akanitazama mimi. "Wewe."

"Sema, basi."

"Mama," akasema, kwa sauti ya mtoto anayemeza dawa.

Nilimpa kipande cha halua. Nilidhani tunaendelea vizuri. Na mama yangu naye alishika lake kwa nguvu zote. Binti yangu alipoita "Mama!" kutoka mlangoni, kama alivyoita tangu ajue kusema, mama yangu hakugeuka. Alisema tu, "Mama yuko jikoni." Niliona jinsi mkono wake ulivyosimama juu ya ukindu aliokuwa akisuka, kisha ukaendelea.

Nia yetu ilikuwa njema, mimi na mama yangu. Tulitaka mtoto avuke pamoja nasi. Lakini siku zilivyopita binti yangu aliacha kuita mtu yeyote. Akitaka kitu, alikuja akavuta upindo wa nguo. Akiulizwa, alijibu kwa kichwa. Halua aliichukua, akampa mdogo wake. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo, nikawasikia wakizungumza, yeye na mdogo wake wa kiume.

"Bibi kanikasirikia?"

"Hujui?" mvulana akajibu, na mdomo umejaa. "Wewe si wake tena. Amekutoa."

"Nimefanya nini?"

"Sijui. Labda ule mtungi."

Mtungi alikuwa ameuvunja mwaka uliopita.

Nilitaka kutoka nimweleze. Lakini nimweleze nini? Nimwambie hujakosa kitu, ila usimwite Mama? Nikaendelea kukunja nguo. Usiku na mchana mawazo yangu yalikuwa Nairobi: atakaa mbele ya mtu mgeni, ataulizwa mama yako nani, na atavuta upindo wa nguo.

Kabla ya Nairobi ilibidi twende Chovai kumuaga dada yake mama yangu, yaani mama yangu mkubwa. Ndiye aliyerudi kisiwani wakati wengi wetu tuliobahatika kurudi tuliishia mjini. Hatungeweza kuhama bila kuonana naye; angesikia kwa watu, na angekuwa na haki ya kununa. Tukapanda boti ya injini iliyobeba magunia ya unga na madumu ya mafuta, mama yangu, mimi na watoto watatu. Mvulana alitapika njia nzima. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Bora amalizie kwa jamaa kuliko ndani ya ndege.

Sasa, visiwani kwetu kuna desturi moja ambayo nilikuwa nimeisahau. Mtoto mgeni akishuka botini haulizwi jina. Huulizwa, "Wewe wa nani?" Naye anatakiwa ajitaje mwenyewe: kazaliwa na nani, kalelewa na nani, watu wake walikuwa wakichota maji kisima gani. Wakubwa hawamsaidii. Ni adabu, na pia ni namna ya kujua kama mtoto amefunzwa kwao.

Mama mkubwa alitupokea mlangoni kwake. Ni mwanamke mfupi, mwenye kucheka kwa mabega. Alitusalimu, akawabusu wadogo, akamshika mkubwa kidevu.

"Na huyu? Wewe wa nani, mchu wangu?" Kwetu mtu ni mchu.

Binti yangu akavuta upindo wa nguo yangu. Nikafungua mdomo. "Huyu ni wangu, mama mkubwa, ndiye..."

"Nimemuuliza yeye. Wewe nakujua, nimekufuta makamasi."

"Ana haya tu..."

"Mwache na haya yake. Mimi sina boti ya kuwahi."

Tukasimama. Mama yangu alikuwa anatazama chini, anajifanya anakung'uta mchanga kwenye kanga. Binti yangu alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akamwambia mama mkubwa kwa sauti ndogo:

"Nikisema, kuna mchu atakasirika."

"Hapa kwangu hakasiriki mtu mpaka nimruhusu. Sema."

Basi mtoto akavuta pumzi, akasema, bila kukwama popote:

"Dada kanizaa. Mama kanilea. Baba yuko Ulaya. Tunakaa ua mmoja, tunakula pamoja. Kisima chetu ni kile cha nyuma ya msikiti, Mama kanambia, lakini sijakiona."

Mama mkubwa akapiga makofi. "Mmeona? Kamaliza kila kitu. Njoo ule, na kisima nitakuonyesha."

Aliingia naye ndani, na sisi wawili tukabaki mlangoni na mizigo yetu. Nikuambie nilichokiona wakati ule. Wiki zote zile nilikuwa nikimfundisha mtoto jambo nililodhani halijui, kumbe alilijua lote, kwa mpangilio wake, kuliko baba yake alivyoweza kulieleza kule ugenini. Hakuwa amechanganyikiwa kuhusu nani ni nani. Tulimchanganya sisi.

"Masikini," mama yangu akasema. Hakusema nani.

Baada ya kula, mtoto alitoka akamkuta bibi yake amekaa kwenye kizingiti. Akasogea, lakini si karibu sana.

"Mama?"

Mama yangu akageuka. "Naam."

"Mama!"

"Naam, nimesikia mara ya kwanza. Mimi si kiziwi."

"Nilikuwa najaribu," akasema mtoto, akamkalia mapajani, mtoto wa miaka minane mwenye miguu mirefu, mpaka mama yangu akalalamika kwamba anavunjwa goti. Alilalamika lakini hakumshusha.

Tuliporudi Kismayu hapakuwa tena na masomo. Nilimwambia binti yangu jambo moja tu: Nairobi kuna watu watakuuliza kama alivyokuuliza mama mkubwa. Hawajui desturi zetu, kwa hiyo utawaeleza polepole. Wakiuliza, jibu. Usipojua, sema sijui. Akauliza kama wao pia watamwonyesha kisima. Nikamwambia sidhani.

Mama yangu hakwenda nasi Nairobi. Binti yangu aliingia katika chumba cha mahojiano akiwa amevaa koti lake, ingawa hapakuwa na baridi ya kutisha, kwa sababu alilipenda. Niliruhusiwa kukaa nyuma yake, mdomo wangu umefungwa. Mbele yake alikuwa afisa mwanamke, na kando mkalimani wa Kiswahili.

"Mama yako ni nani?"

Akanigeukia na kunionyesha kwa kidole. "Huyu kanizaa. Namwita Dada." Akageuka tena mbele. "Mama yuko nyumbani, anangoja tumpigie. Yeye kanilea. Yeye ndiye mama wa Dada."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akaweka kalamu chini.

"Unalala wapi?"

"Na Mama. Kwenye mkeka."

"Na huyu Dada, yuko nyumba gani?"

"Nyumba hiyo hiyo. Nyuma ya ukuta. Akikohoa namsikia."

"Nani anapika?"

"Dada anapika. Mama anasema chumvi haitoshi."

Mkalimani alicheka kabla hajatafsiri, na alipotafsiri afisa naye akacheka. Kisha nikaulizwa mimi. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe: mtoto wa kwanza, mkeka wa bibi, jiko moja, sinia moja, na kwamba baba mtu alisema kweli, ila alisema nusu ambayo kwetu inatosha. Sikuongeza kitu. Tulitoka nje mvulana akilia njaa, tukanunua viazi vya kukaanga, tukasubiri.

Tulisubiri muda mrefu. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na imani kila siku. Kuna siku nilijaribu kufikiria maisha ya kule bila yeye, na sikuweza kufika mbali. Siku ruhusa ilipokuja, ya watoto wote watatu, nilimpelekea mama yangu habari jikoni. Akasema alhamdulillah, kisha akasema, "Lete mafuta na kitana. Leo utasuka wewe."

Maana ukweli ni kwamba sikuwahi kumsuka binti yangu. Sikujua kwamba nyuma ya sikio la kushoto nywele zake zinauma upesi. Mama yangu alikaa kando, mikono mapajani, akanielekeza. Usivute. Anza chini. Siku zile zilizobaki alinifundisha mtoto wangu mwenyewe, jambo moja moja, kila lilipomjia. Hapendi kufunikwa miguu. Akinyamaza sana, ana homa. Jicho la samaki usimpe, lakini usiseme mbele za watu kwamba haliwezi, anaona haya. Akiota ndoto mbaya usimuulize, mpe maji. Kwangu hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yenyewe. Mabegi niliyafunga kwa asubuhi moja.

Siku ya kuondoka bajaji ilikuja imejaa nusu kwa mabegi. Muuza maziwa alikuja kuaga, akamwambia mvulana wangu, "Hakuna kusimama! Hakuna kukojoa!" na mvulana akajibu, "Chai!" Mama yangu alimkagua binti yetu kuanzia nywele hadi soksi. Akaniambia mimi, si yeye, "Mistari imepinda." Akamwambia yeye, "Nenda na Dada yako. Ukifika unipigie, usingoje wao wanipigie."

"Ndiyo, Mama."

Na anapiga. Tuko huku sasa, mwaka wa pili. Watoto wamezoea soksi. Binti yangu bado ananiita Dada, na shuleni mwalimu mmoja alidhani mimi ni dada yake kweli, akaniomba siku nyingine aje mama. Nikakaa kitini nikamweleza, tangu mkeka wa bibi. Huwa naeleza kila ninapoulizwa. Jioni, mtoto akishika simu na kusema "Mama, leo tumekula nini hebu kisia," nasikia kutoka upande wa pili sauti ikilalamika kuhusu chumvi, nami namalizia mstari wa nywele ulionyooka kidogo kuliko wa jana.

Basi, wewe unayejiandaa, makoti utayapata na mabegi yatafungika. Kabla hujamfundisha mtoto wako la kujibu mbele ya wageni, keti naye chini, muulize yeye mwenyewe, na usimkatize mpaka amalize.